Maître de chai Si Mpika Chai: Namna ya Kufasiri Istilahi za Divai kutoka Kifaransa hadi Kiingereza

Karatasi ya kwanza ya divai niliyoletewa ilikuwa imekwisha kufasiriwa na mtu mwingine. Hoteli moja ya hapa Malindi ilikuwa imepokea makasha ya divai kutoka Ufaransa, kila aina na maelezo yake ya kiufundi, na kijana wa mapokezi aliyekuwa amesoma Kifaransa shuleni akapewa usiku mmoja ayageuze kuwa Kiingereza ili wahudumu wayatumie mezani. Palipoandikwa "maître de chai" yeye aliandika "tea master". Mgeni aliyeisoma alicheka mpaka akakohoa, kijana akaona haya, na asubuhi yake karatasi ikafika mikononi mwangu. Kwa mtu wa pwani kosa hilo lina udhuru, maana chai tunaijua tangu utotoni. Lakini "chai" ya Kifaransa ni jengo la juu ya ardhi ambamo mapipa ya divai hutunzwa, na "maître de chai" ni msimamizi wa jengo hilo na wa yote yanayotendeka ndani yake, ambaye Waingereza humwita "cellar master".

Mwongozo huu umeandikwa kwa mfasiri aliye katika hali ya kijana yule: Kifaransa anacho cha kutosha, Kiingereza anakimudu, na mzabibu hajapata kuuona. Mimi mwenyewe sinywi divai, na miaka yote ya kazi hii haijanilazimu kuionja. Kinachohitajika ni kuijua kazi yenyewe, yaani nani anafanya nini, kwa chombo gani, na divai ikiwa imefikia umri gani. Ukiyajua hayo, neno la Kiingereza utalipata bila taabu. Usipoyajua, kamusi itakupa neno zuri sana la jambo jingine kabisa.

Anza kwa mgema, kisha ingia jikoni

Kabla hujafungua kamusi, chukua ukurasa mmoja uandike kwa Kiswahili maisha ya divai, tangu kichala cha zabibu kinapokatwa hadi chupa inapozibwa. Istilahi nyingi za fani hii ni majina ya vitendo, na mara nyingine kitendo kimoja hutofautiana na kingine kwa wakati wake tu. Chukua mfano wa "débourbage" na "soutirage". Kwa macho, vyote viwili ni kumimina kilicho safi na kuacha kilicho kizito chini. Lakini cha kwanza hufanywa maji ya zabibu yakiwa hayajachachuka, na Kiingereza chake ni "settling", ilhali cha pili hufanywa baada ya kuchachuka, divai inapohamishwa kutoka pipa moja hadi jingine, na Kiingereza chake ni "racking". Mfasiri asiyekuwa na mstari wa wakati kichwani ataviandika vyote kwa neno moja, na mtaalamu atakayesoma atajua mara moja kwamba karatasi imefasiriwa na mgeni wa fani.

Mizabibu hatuna hapa, lakini wagema tunao, na mgema hufundisha vizuri kuliko kamusi. Nilikwenda alfajiri kwa mzee mmoja upande wa Ganda, akaniruhusu niketi chini ya mnazi wake. Alipanda na kotama kiunoni, akakata kipande chembamba kwenye ncha ya shina la maua, akashuka na kibuyu kilichokuwa kikipokea matone usiku kucha. Juu ya tembo kulikuwa na povu jeupe, na nilipokitega sikio nilisikia kibuyu kikichemka polepole pasipo moto.

"Mzee, nani aliyetia hamira?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyetia, mwanangu. Inakuja yenyewe."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo, na wiki hiyo hiyo nikakutana na maneno "levures indigènes" katika karatasi ya divai. Hamira ile inayokuja yenyewe, iliyokuwa juu ya maganda ya zabibu na katika jengo, ndiyo "levures indigènes", na Waingereza huiita "native yeasts" au "wild yeasts"; ile inayonunuliwa katika pakiti ni "levures sélectionnées", nayo huitwa "cultured yeasts". Baadhi ya kamusi zinakupa "indigenous yeasts", na si kosa, ila ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza. Mgema atakufundisha na jambo la pili: tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na likiachwa siku kadhaa huwa siki ambayo mama zetu huitia katika achari. Divai nayo hupita njia hiyo hiyo, ila kwa mwendo wa majuma na miaka, na yule anayeijua siki ya mnazi hatasumbuliwa na "piqûre acétique", kwa sababu anajua kwamba hakuna aliyechomwa wala kudungwa. Ni divai iliyoanza kugeuka siki, na Kiingereza chake ni "acetic spoilage".

Ukitoka kwa mgema, simama kando ya mama anayekamua nazi. Nazi iliyokunwa hutiwa katika kifumbu, hukamuliwa, na tui la kwanza linalotoka ndilo la kasimile, zito na lenye mafuta; kisha hutiwa maji, hukamuliwa tena, na tui la pili hutoka jepesi; yanayobaki ni machicha. Mpango wote wa ukamuaji wa zabibu umo humo. Chombo cha kukamulia ni "pressoir", na Kiingereza chake ni "press". Machicha ya zabibu, yaani maganda, mbegu na vikonyo vilivyobaki, ni "marc". Divai inayochuruzika yenyewe kutoka tangini bila kukamuliwa ni "vin de goutte", na usiifasiri kuwa divai ya matone, maana Waingereza huiita "free-run wine". Inayotoka kwa nguvu ya chombo ni "vin de presse", yaani "press wine", ambayo haihusiani na magazeti. Na ikiwa mtu atayamwagia machicha maji na kuyakamua tena, kama mama anavyofanya kwa tui la pili, atapata kinywaji hafifu kinachoitwa "piquette". Kiingereza kimelichukua neno hilo lilivyo. Ujue tu kwamba Mfaransa akiiita divai ya jirani yake "piquette" hatoi maelezo ya kiufundi, anaitukana.

Neno "marc" lastahili kukaliwa kitako, kwa sababu ndilo lililonipotezea muda mwingi kuliko yote. Maana ya kwanza ni hayo machicha, na Kiingereza chake ni "pomace". Maana ya pili ni kileo kikali kinachopatikana kwa kuyachemsha machicha na kukusanya mvuke wake, kama "marc de Bourgogne", na hapo jina halifasiriwi; unaweza tu kuongeza kwamba ni "pomace brandy". Maana ya tatu iko katika eneo la Champagne, ambako "marc" ni kipimo: kilo 4,000 za zabibu zinazotiwa katika chombo cha kukamulia kwa mara moja. Kutoka katika kilo hizo, sheria ya huko inaruhusu lita 2,050 za kwanza, ambazo huitwa "cuvée", na lita 500 zinazofuata, ambazo huitwa "taille". Msomaji aliyewahi kula wali wa nazi amekwisha kuelewa kwa nini watengenezaji wengi hujisifia kwamba wanatumia "cuvée" peke yake: hilo ndilo tui lao la kasimile.

Lakini "cuvée" hiyo hiyo, ikiandikwa kwenye chupa ya Bordeaux au Provence, haisemi lolote kuhusu ukamuaji. Huko inamaanisha tu divai fulani iliyotengwa na mtengenezaji na kupewa jina lake, na Kiingereza huiacha ilivyo. Na "taille" nayo, ukiikuta katika aya inayozungumzia shamba badala ya jengo, ni upogoaji wa mizabibu, yaani "pruning". Kwa hiyo kanuni yangu ni kutofasiri neno lolote la karatasi ya divai kabla ya kuuliza mambo mawili: tuko shambani, tangini, pipani au mezani? Na tuko katika eneo gani la Ufaransa?

Kofia ya maganda

Mahali ambapo wafasiri wengi huungua ni katika vitendo vya tangi la divai nyekundu. Rangi ya zabibu imo ndani ya ganda, si ndani ya maji yake, ndiyo maana divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, wakati divai nyeupe hukamuliwa kwanza na kuchachushwa baadaye. Hamira inapokula sukari hutoa alkoholi, joto na gesi ya kabonidioksidi, na gesi hiyo huyasukuma maganda juu yakajikusanya kuwa tabaka nene ambalo Wafaransa huliita "chapeau", kofia, na Waingereza vivyo hivyo huliita "cap". Kofia hiyo ikiachwa ikauke, rangi haitoki na siki hunyemelea. Lazima ilowanishwe, na njia kuu za kuilowanisha ni tatu, kila moja na jina lake.

"Remontage" ni kuyavuta maji kutoka chini ya tangi kwa pampu na kuyamwaga juu ya kofia. Waingereza husema "pumping over". "Pigeage" ni kinyume chake, yaani kuisukuma kofia yenyewe iingie ndani ya maji, kwa miguu, kwa mti au kwa mashine. Wao husema "punching down". "Délestage" ni kuyaondoa maji yote tangini yakahifadhiwa penginepo, kofia ikashuka hadi chini kwa uzito wake, kisha maji yakarudishwa juu yake. Kiingereza chake ni "rack and return", ingawa wengi hubakiza neno la Kifaransa. Kamusi ya kawaida itakwambia kwamba "remontage" ni kuunganisha tena mashine iliyofunguliwa, na "délestage" ni kukata umeme kwa mgawo, jambo tunalolijua sana hapa Kenya lakini halihusiani na zabibu. Ukitilia shaka, chora tangi, chora mshale, ujiulize nini kinakwenda wapi: maji yanapanda, kofia inashuka, au vyote vinatenganishwa na kukutanishwa.

Maji yenyewe ya zabibu, kabla hayajawa divai, ni "moût", na Kiingereza chake ni "must", neno ambalo programu za kutafsiri hulichanganya na lile la kulazimisha. Wasindikaji wa Dodoma, ambako zabibu hulimwa kweli, husema "mchuzi wa zabibu", na mimi nimelichukua neno lao kwa maelezo yote ya Kiswahili ninayowaandikia wahudumu.

Maneno yanayosaliti

Liko kundi la maneno ambayo kila Mfaransa anayajua kwa maana ya kila siku, na yanapoingia katika ghala la divai hubadilika tabia. Mabaya zaidi ni yale yanayotoa sentensi inayosomeka vizuri ingawa ni uongo.

"Élevage" ni ufugaji. Katika divai ni muda wote kati ya kumalizika kwa uchachukaji na kutiwa chupani, muda ambao divai hukaa pipani au tangini ikitunzwa, ikaonjwa, ikahamishwa, ikajaziwa. Kiingereza huandika "maturation" au "ageing", na kwa kuwa "ageing" inasema tu kwamba divai inazeeka bila kusema kwamba kuna mtu anayeihudumia, mimi huchagua "maturation" kila ninapoweza. Kiswahili kinatuonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko Kiingereza: kitenzi cha Kifaransa, "élever", ni kile kile cha kulea mtoto, na ukisema divai inalelewa pipani umesema sawasawa na Mfaransa. Nimewahi kuona karatasi iliyosema kwa Kiingereza kwamba divai ilipitia "breeding for twelve months in lightning". Kufuga tumekwisha kukueleza. Radi ilitokana na "foudre", ambalo ni neno la radi na pia ni neno la pipa kubwa sana la mbao, na pipa hilo kwa Kiingereza ni "large cask" au "foudre" lilivyo.

"Climat" katika Bourgogne si hali ya hewa bali ni kipande cha shamba chenye jina na mipaka yake, kilichojulikana hivyo kwa karne nyingi. UNESCO iliviingiza vipande hivyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Neno libaki "climat", lifuatwe na maelezo kwamba ni "named vineyard plot". "Robe" si gauni wala kanzu bali ni rangi na mwonekano wa divai ndani ya bilauri, na neno la Kiingereza ni "colour" au "appearance". "Gobelet" katika shamba si kikombe. Ni mzabibu uliopogolewa usimame wenyewe bila waya, na Waingereza huuita "bush vine".

"Collage" si kubandika. Ni kutia divai kitu kinachonasa chembechembe zinazoelea na kuzishusha chini, na Kiingereza chake ni "fining". Vitu hivyo vyaweza kuwa ute wa yai, protini ya maziwa, udongo wa bentonaiti au kitu kinachotokana na kibofu cha samaki. Hapa usifupishe hata neno moja, kwa kuwa wako wageni wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama na wako wenye mzio wa mayai, na muhudumu atakayeulizwa hana kitu kingine cha kushika ila karatasi yako. "Collage au blanc d'œuf" iandikwe kamili: "fined with egg white".

Sasa "ouillage", ambalo nalipenda kuliko yote kwa ujanja wake. Pipa la mbao hupumua, divai hupungua kidogo kidogo, na nafasi tupu hubaki juu, ambamo hewa huingia na kuiharibu. Kila baada ya muda mhudumu wa ghala huongeza divai ile ile mpaka pipa lijae, na kitendo hicho cha kujaza ndicho "ouillage". Kiingereza nacho kina neno "ullage", lililotokana na asili hiyo hiyo, na mfasiri mwenye haraka hufurahi kuwa amepata ndugu wa damu. Ole wake, kwa sababu "ullage" ya Kiingereza ni ile nafasi tupu yenyewe. Mfaransa anasema kujaza, Mwingereza anasema upungufu. Andika "topping up", na uliache "ullage" kwa ajili ya chupa za kale zilizopungua shingoni. Jambo hili lina uzito wa pekee ukikutana na "vin jaune", divai ya manjano ya eneo la Jura, ambayo fahari yake ni kwamba hukaa pipani miaka zaidi ya 6 "sans ouillage", bila kujaziwa, mpaka utando wa hamira ukaifunika juu, kisha ikatiwa katika chupa yake ya pekee ya sentilita 62. Ukiandika "without ullage" umesema pipa halikuwa na nafasi tupu kamwe, yaani umesema kinyume kabisa cha kile kinachoifanya divai hiyo iwe yenyewe.

Kwetu hapa kuna msaada na mtego mwingine, nao ni Kitaliano, ambacho watu wengi wa Malindi wanakijua kwa masikio kuliko Kifaransa. Anayejua "vendemmia" hahitaji kufundishwa "vendange", na anayejua "mosto" amekwisha kulijua "moût". Lakini "botte" ya Kitaliano ni pipa, na "botte" ya Kifaransa ni kiatu kirefu cha ngozi.

Kupunguza na kuongeza

Kuna istilahi chache zinazogusa uaminifu wa bidhaa, na hizo zipewe uangalifu wa kisheria. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa Mfaransa kitendo hicho kinaitwa "mouillage", ni udanganyifu, na Kiingereza chake ni "watering". Kisichanganywe na "assemblage", ambayo ni kuchanganya divai za aina au za mashamba mbalimbali kwa ustadi, kazi ya heshima inayoitwa "blending". "Coupage" pia ni kuchanganya, lakini mara nyingi lina harufu ya kudharau, kama mtu anayechanganya ili auze. Ukilikuta, tazama kama mwandishi anasifu au analaumu kabla hujaandika "blending".

"Chaptalisation" ni kuongeza sukari katika mchuzi wa zabibu ili alkoholi ipande, takriban gramu 17 kwa kila lita kwa ajili ya asilimia 1 ya alkoholi, na limetokana na Jean-Antoine Chaptal, mwanakemia aliyekuwa waziri wa Napoleon. Sukari hiyo huliwa yote na hamira, kwa hiyo usiruhusu maelezo yako yamfanye msomaji adhani kwamba divai imetiwa utamu. Kinyume chake ni "mutage", ambapo kileo kikali hutiwa tangini hamira ikiwa bado kazini, ikanyamaza, na sukari ya zabibu ikabaki. Divai zinazotengenezwa hivyo, kama za Banyuls na Rivesaltes, huitwa "vin doux naturel", na jina hilo limewaangusha wengi waliolifasiri neno kwa neno kuwa divai tamu ya asili. Kwa Kiingereza ni "fortified wine", yaani divai iliyoongezwa nguvu. Jina lenyewe libaki kwa Kifaransa, na maelezo yafuate.

Unachokiacha kama kilivyo

Mfasiri anayeanza huona aibu kuacha neno bila kulifasiri, akidhani ataonekana hakuliweza. Aibu hiyo haina msingi. Kiswahili chenyewe kilipokutana na kinywaji hiki kilichukua "vinho" ya Mreno, aliyefika hapa Malindi mwaka 1498, kikaifanya mvinyo, na kikachukua "du vin" ya Mfaransa pamoja na kile kitangulizi chake kikaifanya divai, na hakuna anayelalamika. Kiingereza nacho kimechukua "terroir" (yaani udongo na mazingira ya shamba), "cru", "cuvée" na "brut", na kuyafasiri ni kumsumbua msomaji.

"Cru", yaani shamba la mizabibu lenye cheo, lina sababu ya ziada ya kuachwa, kwa kuwa cheo chake hubadilika kwa eneo. Katika Médoc, sehemu ya Bordeaux, kwa mpango wa madaraja wa mwaka 1855, "premier cru" ndicho cheo cha juu kabisa kati ya vitano, na Waingereza wana desturi ya kukiita "First Growth". Katika Bourgogne "premier cru" iko chini ya "grand cru". Ukiandika "First Growth" juu ya divai ya Bourgogne umeipandisha cheo ambacho haina, na mwenye hoteli ataiuza kwa bei ambayo mgeni mjuzi ataikataa. Vivyo hivyo "sec": kwenye divai ya kawaida ni "dry", isiyo na utamu, lakini kwenye Champagne ni daraja lenye gramu 17 hadi 32 za sukari kwa lita, ilhali "brut" haifiki gramu 12. Mgeni anayeomba divai isiyo na utamu akaletewa Champagne iliyoandikwa "sec" na kufasiriwa "dry" ana haki ya kuirudisha.

Tarakimu nazo zina hila zao, ingawa ni fupi. Mfaransa huandika "13,5 % vol." kwa mkato, nawe uandike 13.5. "Barrique" ya Bordeaux ni pipa la lita 225 na "pièce" ya Bourgogne ni la lita 228. Ukiona "12 mois en pièces" usiseme divai ilikaa vipande vipande. "Tonneau" kwa Mfaransa wa mtaani ni pipa lolote, lakini katika biashara ya Bordeaux ni kipimo cha lita 900, sawa na chupa 1,200 za kawaida, kwa hiyo shamba linalotoa "50 tonneaux" halina mapipa hamsini bali lina chupa 60,000.

Uulize pia Kiingereza cha nani. Vichala vilivyotiwa tangini bila kutenganishwa na vikonyo, yaani "vendange entière", Mwingereza na Mwaustralia husema "whole bunch", Mmarekani husema "whole cluster". Hoteli zetu nyingi huelekea upande wa Uingereza, lakini usikisie. Muulize aliyekupa kazi, kisha ushike upande mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Daftari na masikio

Tunza daftari lenye safu nne: neno la Kifaransa, wakati wake katika maisha ya divai, neno la Kiingereza, na namna ya kulitamka. Safu ya pili ndiyo itakayokuokoa mwaka ukipita na umesahau. Safu ya nne ni ya wahudumu, na hapa Kiswahili kina faida kubwa, kwa sababu tunasoma kila herufi kama ilivyoandikwa: "marc" huandikwa mar, "lie", yaani mashapo ya divai, huandikwa li, "moût" huandikwa mu, na "brut" herufi yake ya mwisho husikika. Kabla hujaikabidhi kazi, waketishe wahudumu wawili wakusomee karatasi kwa sauti huku umefumba macho. Mahali watakaposita ndipo penye kosa lako, si lao.

Nilipofanya hivyo katika hoteli ile, msomaji alikuwa binti mmoja mwerevu, naye alikwenda vizuri mpaka akafika kwenye "maître de chai", ambapo katika safu ya matamshi nilikuwa nimeandika "metr de she". Alisita, akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza, "Mwalimu, kumbe huyu msimamizi ni mwanamke?" Alikuwa ameisoma "she" kwa Kiingereza. Nikachukua kalamu nikaongeza pembeni: she ya sheria.